Toleo la majaribio: wape watu kazi, usiwaulize "mnaionaje?"

Kama programu yako iko Google Play, toleo jipya lipitishe kwanza kwenye majaribio ya ndani (internal testing), yaani kwa watu wachache unaowachagua mwenyewe. Yanabeba watu hadi 100, na wanaojaribu hawawezi kuacha maoni ya hadharani, kwa hiyo nyota zako ziko salama.

Ugumu uko kwenye kuuliza. Ukitupa linki kwenye grupu la WhatsApp na kuandika "mnaionaje?", utaambulia dole gumba na "safi sana kaka". Wape kazi: jaza fomu mtandao ukiwa umekatika, badilisha lugha, sasisha juu ya toleo la zamani bila kulifuta. Hili la mwisho husahaulika sana, na hapo ndipo data za watu hupotelea. Anayeripoti tatizo akupe namba ya toleo, aina ya simu, na alichobonyeza kabla halijatokea. Picha ya skrini ikija, heri.

Tafuta pia mwenye simu ya zamani iliyojaa picha (kila ukoo unaye).

Ukiridhika, anza kuwatolea asilimia chache ya watumiaji. Usambazaji unaweza kuusimamisha katikati, lakini waliokwishasasisha hawarudishwi toleo la nyuma.