Jinsi ya Kuchagua Kitazamio cha Slaidi za Stereo za Fomati ya Kati

Slaidi ya stereo iliyopigwa kwa filamu ya 120, yaani filamu pana ya fomati ya kati, ina picha mbili, moja kwa kila jicho, na kila moja ina takriban milimita 56 kwa 56. Eneo hilo ni zaidi ya mara tano ya picha zinazotoka kwenye kamera ya milimita 35 kama Stereo Realist. Lakini yote yaliyomo humo lazima yapite kwenye lenzi mbili za kitazamio ndipo yafike machoni. Lenzi zikiwa duni, gharama ya filamu na ya kuisafisha imekwenda bure. Kabla hujatoa pesa, pitia hatua hizi.

1. Anza na kamera yako

Angalia umbali wa fokasi wa lenzi za kamera, yaani umbali kutoka lenzi hadi filamu inapolenga kitu cha mbali. Kamera ya stereo ya Kisovieti iitwayo Sputnik ina milimita 75. Kamera ya TL120 ina 80. Tafuta kitazamio chenye lenzi za kiasi hichohicho. Vikilingana, unaiona mandhari kwa pembe ileile iliyoonwa na kamera, na kina, yaani hisia ya kilicho karibu na kilicho mbali, kinakuwa cha kweli. Lenzi za kitazamio zikiwa fupi mno, picha inakuwa kubwa ila vitu vinaonekana bapa, mithili ya sanamu za karatasi zilizopangwa safu safu. Zikiwa ndefu mno, picha inapungua na kina kinavutika kupita kiasi. Tofauti ya milimita tano isikunyime usingizi.

2. Pima umbali kati ya mboni zako

Simama mbele ya kioo, weka rula juu ya nyusi. Fumba jicho la kulia, linganisha sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa, fumba la kushoto, fumbua la kulia, kisha soma namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Watu wazima wengi huangukia karibu na milimita 63. Ukiwa mbali sana na hapo, chagua kitazamio ambacho lenzi zake zinasogezeka, au chenye lenzi pana, ili jicho lisichungulie pembeni mwa lenzi, mahali ambapo ubora hushuka.

3. Hakikisha kadi zako zinaingia

Kadi zinazoshika picha mbili za slaidi, zile zinazotumika sana siku hizi, zina milimita 132 kwa 80. Vitazamio vya zamani vya slaidi za kioo za sentimita 6 kwa 13 ni vizuri kwa sura, lakini kadi hizo hazipiti.

4. Kagua lenzi, tena bila haraka

Hapa ndipo ningeweka pesa nyingi zaidi. Lenzi ya kioo kimoja ni rahisi kutengeneza, na kasoro zake huonekana wazi kwenye picha kubwa kama hizi. Weka slaidi yenye matawi ya mti dhidi ya anga jeupe, kisha tazama kingo. Ukiona ukingo wa zambarau upande mmoja wa tawi na wa kijani upande wa pili, lenzi haijasahihishwa rangi. Lenzi za akromati, zilizounganishwa kwa vioo viwili vya aina tofauti, hupunguza sana tatizo hilo.

Kisha chora miraba kwa rula kwenye plastiki angavu, uiweke mahali pa slaidi. Mistari ya pembeni ikipinda kidogo, vumilia. Ikipinda sana, kila jengo utakalopiga litaonekana limejikunja.

5. Pima kama pande mbili ziko sawa

Sogeza kitazamio mbali kidogo na uso hadi picha zitengane na uzione mbili. Mstari wa upeo wa macho uwe kwenye kimo kimoja pande zote. Macho yanavumilia mengi, ila jicho moja kulazimishwa kupanda huku jingine likishuka huleta maumivu ya kichwa upesi.

Ukikuta tofauti, usikimbilie kulaumu kitazamio. Geuza kadi, nyuma iwe mbele, bila kuipindua juu chini. Picha itageuka kama ya kwenye kioo, lakini kina kitabaki sahihi. Upande uliokuwa juu ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye kadi: filamu imepachikwa vibaya. Ukibaki palepale, kosa ni la kitazamio, kirudishe.

6. Fokasi na miwani

Lazima fokasi irekebishike. Wanaoona karibu tu au mbali tu wanaweza kuvua miwani na kurekebisha kwa fokasi. Mwenye astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa) avae miwani yake anapojaribu, na aangalie kama bado anaziona pembe zote nne za picha.

7. Mwanga

Kama kitazamio kina taa, iwe LED yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, kikomo 100) ya 90 au zaidi. LED hafifu hudhoofisha rangi nyekundu, na ngozi za watu zinaonekana kama za wagonjwa. Balbu za zamani zinapasha joto filamu hadi inabinuka na katikati ya picha kunatoka kwenye fokasi. Nyuma ya slaidi pawe na plastiki nyeupe ya kusambaza mwanga, nayo ikae mbali kidogo na filamu, la sivyo vumbi na mikwaruzo ya plastiki yenyewe itaonekana ndani ya anga la picha. Kitazamio kisicho na taa, kinachoelekezwa tu kwenye anga la mchana, ni chaguo zuri kabisa iwapo lenzi zake zimefaulu hatua ya nne.