Kupasua gogo kuwa mbao kwa msumeno wa mnyororo: mpasuo wa kwanza ndio unaoamua

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye gogo lililolala uani, liwe la mti ulioangushwa na upepo au uliokatwa kupisha ujenzi, ambaye anataka kupata mbao badala ya kuni. Nauandika baada ya kumsaidia jirani aliyepasua gogo zuri, akapata mbao zilizojipinda zote kwa namna moja, na akawa anaulaumu msumeno. Msumeno haukuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kwenye ngazi aliyoitumia kuongoza mpasuo wa kwanza, na ndiyo maana hatua hiyo imekuwa ndefu kuliko nyingine zote. Nachukulia kwamba msomaji anajua kuwasha msumeno, kukaza mnyororo na kukatisha gogo. Asiyejua aanze kujifunza hayo kwanza, kwa kuwa kupasua ni kazi ndefu na nzito zaidi kwa mashine na kwa mwili.

Hatua ya 1: Kulichagua gogo

Hakikisha gogo ni lako au umepewa ruhusa ya kulichukua, na uulize kama sheria za unapoishi zinadai kibali kabla ya kupasua au kusafirisha mbao.

Gogo linalofaa limenyooka, lina vifundo vichache, na halijaanza kuoza katikati. Acha matawi makubwa na miti iliyoota ikiwa imeinama, hata kama vinavutia kwa unene. Mti ulioinama hujenga upande mmoja mbao zenye mkazo ili kujishikilia, na mkazo huo hufunguka pale pale unapopasua: ubao hujikunja kabla hujauinua. Mkalitusi unajulikana kwa tabia hiyo hata ukiwa umesimama wima.

Mara baada ya kukatisha ncha, zipake rangi nzito au nta iliyoyeyushwa. Maji hutoka kwenye ncha haraka mno kuliko kwenye ubavu, na ncha isiyopakwa hupasuka nyufa zinazoingia ndani na kukupotezea urefu. Kazi hii haistahili kusubiri kesho.

Hatua ya 2: Msumeno, mnyororo na fremu

Kwa gogo lenye upana wa sentimita 40 au zaidi, injini yenye ujazo chini ya sentimita za ujazo 70 itateseka. 90 ndiyo inayofanya kazi bila kulalamika. Misumeno midogo ya betri siipendekezi kwa kazi hii. Upanga, yaani lile bamba refu linalobeba mnyororo, uwe mrefu kuliko upana wa gogo kwa angalau sentimita 15, kwa kuwa vibano vya fremu, yaani kiunzi kinachouongoza upanga wakati wa kupasua, hula sehemu ya urefu wake.

Kuhusu fremu, nina msimamo: tumia ile inayoubana upanga katika ncha zote mbili na kuteleza juu ya uso bapa. Vifaa vidogo vinavyoshika upanga upande mmoja tu vinafaa kuchonga boriti, lakini kwa mbao pana huacha ncha ya upanga itangetange.

Mnyororo wa kawaida umenolewa kukatisha nyuzi za mti, na meno yake huwa na pembe ya digrii 25 hadi 35. Unapopasua, meno hukutana na nyuzi kwa njia tofauti, kwa hiyo pembe hupunguzwa hadi digrii 10 hivi. Mnyororo wa kupasulia hununuliwa ukiwa tayari, lakini ule wa zamani unaweza kugeuzwa kwa tupa polepole kila unaponoa. Noa meno yote yawe na urefu mmoja, kwa kuwa upande wenye meno marefu huuvuta upanga kuelekea huko na kuacha uso wenye mawimbi. Hesabu mapema pia kwamba kila mpasuo hugeuza karibu milimita 8 hadi 10 za gogo kuwa unga, kiasi kwamba mipasuo mitatu inakula unene wa ubao mmoja wa milimita 25.

Vaa kinga ya masikio, miwani, viatu vigumu, suruali ya kinga na barakoa inayochuja vumbi. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mpasuaji huwa ameinamia wingu lake muda wote. Simama upande ambao upepo unatokea, la sivyo utavuta pia moshi wa injini.

Hatua ya 3: Kutafuta chuma

Mti uliokua karibu na nyumba au uzio una uwezekano mkubwa wa kuwa na misumari na waya ndani yake. Ondoa gome lote kwanza, kwani mchanga ulionasa humo huua makali ya mnyororo, kisha pitisha kifaa cha kutambua chuma kama unacho. Tazama pia ncha zilizokatwa: doa la buluu nzito au jeusi linalofuata nyuzi mara nyingi ni kutu ya chuma iliyokutana na tanini, yaani kemikali za asili za mti. Msumari unaweza kuwa mbali na doa hilo, ila kwa kawaida uko kwenye mstari wake.

Hatua ya 4: Kulilaza gogo

Lilaze juu ya magogo madogo mawili, likiwa juu kidogo upande utakaoanzia, ili uzito wa msumeno usaidie kuusogeza. Ligeuze kwa mtaimbo hadi upinde wake utazame juu au chini, si ubavuni. Kisha likaze kwa kabari pande zote mbili hadi lisitikisike hata ukilisukuma kwa mguu. Kuanzia hapo lisiguswe tena.

Hatua ya 5: Mpasuo wa kwanza

Gogo halina uso bapa, kwa hiyo mpasuo wa kwanza unahitaji reli ya muda juu yake: ngazi ya alumini, au mbao mbili zilizonyooka zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama. Fremu huteleza juu ya reli hiyo na kuacha uso wa kwanza. Mipasuo yote inayofuata huteleza juu ya uso huo, yaani inaunakili, na kila kosa la reli litaonekana katika kila ubao hadi mwisho wa gogo.

Kosa linalosumbua zaidi ni reli iliyojisokota, ambayo ncha yake moja imeinamia kushoto kidogo kuliko nyingine. Kwenye gogo lenye upana wa sentimita 40, tofauti ya digrii moja tu ni milimita 7 kutoka ukingo hadi ukingo. Kosa hili halijifichui kwa rula, kwa kuwa nyuso mbili za ubao zimejisokota pamoja na unene uko sawa kila mahali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu: alipima unene, akaridhika, na mbao zilipokataa kulala sakafuni akadhani zimepindwa na jua. Ubao unaopindwa na ukaukaji hupinda baada ya siku na wiki, na ule unaofunguka mkazo hujikunja kama upinde kwa urefu wake. Ukiona mbao zote zimejisokota upande mmoja, kwa kiasi kilekile, siku ileile ya kupasuliwa, angalia reli.

Dawa yake ni kuweka kila ncha ya reli juu ya kipande cha ubao kilichofungwa kwenye ncha ya gogo, na kusawazisha vipande hivyo viwili kwa pima maji. Pima maji yako haihitaji kuwa sahihi kabisa, kwa sababu tunachotafuta ni vipande viwili vilivyo sambamba, hata kama vyote vimeinama kidogo. Lakini inapaswa kushikwa ikielekea upande uleule katika ncha zote mbili. Mtu anayezunguka gogo na kupima kutoka upande wa pili bila kufikiri huigeuza, na kosa la pima maji huongezeka mara mbili badala ya kufutika. Weka alama ya kalamu kwenye ncha yake moja, na alama hiyo itazame ubavu uleule wa gogo kila mara.

Ukishafunga reli, hakikisha kwa macho. Laza fimbo mbili zilizonyooka juu ya reli, moja kila ncha, zikiwa zimekingama. Piga magoti nyuma ya ya kwanza na ushushe jicho hadi ukingo wake wa juu ukaribie kuifunika ya pili. Kama kingo mbili zinakutana kwa wakati mmoja kushoto na kulia, reli haijajisokota. Fimbo zikiwa ndefu kuliko upana wa reli, kosa huonekana wazi zaidi. Mimi siwashi msumeno kabla ya kipimo hiki, hata kama pima maji imesema yote ni sawa.

Kosa la pili ni reli kubonyea katikati. Msumeno pamoja na fremu yake huzidi kilo 10, na ngazi ya mita 3 au 4 iliyoshikwa ncha tu itashuka chini ya uzito huo. Weka kabari kati ya reli na mgongo wa gogo kila nusu mita hivi, ila usizigonge kwa nguvu, kwani kabari iliyozidi huinua reli na kuacha kilima badala ya kibonde. Vuta kamba kutoka ncha hadi ncha ikiwa imeinuliwa kwa vipande viwili vya unene sawa, kisha pitisha kipande cha tatu cha unene huohuo chini yake. Panapokwama, reli iko juu. Panapobaki mwanya, iko chini.

Kuhusu urefu kutoka ardhini, kama gogo ni nene upande mmoja, inua reli kwenye ncha nyembamba ya gogo hadi umbali wake kutoka kwenye kiini cha mti, ile nukta iliyo katikati ya duara za ukuaji, ulingane katika ncha zote mbili. Wengine hufuata gome, na hupata ubao wa kwanza mrefu zaidi. Mimi hufuata kiini, kwa sababu ubao ambao kiini kimepitia huwa mmoja tu. Ubao huo utapasuka kwa vyovyote, basi ni afadhali kuupoteza peke yake.

Kabla ya skrubu yoyote kuingia, chora kwenye ncha mbili za gogo mstari ambao mnyororo utapita. Skrubu zote zikae angalau sentimita 2 juu ya mstari huo, na vichwa vyake vizame ndani ya reli ili fremu isivigonge. Reli izidi gogo kwa sentimita 30 hivi kila upande, kwa sababu mwanzoni na mwishoni nusu ya fremu huning'inia nje. Unapoingia, kandamiza sehemu ya mbele ya fremu. Unapotoka, kandamiza ya nyuma.

Hatua ya 6: Kupasua

Injini iwe kwenye kasi kamili kabla mnyororo haujagusa mti, na ibaki hivyo hadi utoke. Usisukume. Ukilazimika kusukuma, au ukiona moshi na unga laini mno, simama unoe, maana mnyororo butu ndio unaoua injini. Kila baada ya nusu mita, chomeka kabari kwenye mwanya nyuma ya upanga ili uzito wa juu usiubane. Jaza mafuta ya mnyororo kabla ya kila mpasuo, na baada ya kutoka acha injini iungurume taratibu kwa dakika moja ndipo uizime.

Ondoa banzi la kwanza, fagia uso, na urudie kipimo cha fimbo mbili juu ya uso wenyewe. Kama umejisokota, rudisha reli na uparuze uso mpya sasa hivi. Utapoteza unga na kipande chembamba, si gogo zima. Ukiwa sawa, weka fremu kwenye unene wa milimita 30 hadi 32 kwa ubao utakaokuwa 25 baada ya kukauka na kupigwa randa, kisha endelea hadi chini.

Hatua ya 7: Kupanga na kukausha

Panga mbao siku hiyohiyo, kivulini, juu ya msingi ambao umeusawazisha kwa njia ileile ya fimbo mbili, kwa kuwa mbao mbichi hufuata umbo la kinachozibeba. Tenganisha kila safu kwa vijiti vikavu vya milimita 25, kila sentimita 40 hadi 60, kimoja kikiwa juu kabisa ya kingine. Weka uzito juu, funika mgongo wa rundo, na uache mbavu wazi kwa upepo.

Kanuni ya zamani ya mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene ni ya kukadiria tu. Penye joto na upepo mbao hukauka mapema zaidi. Kujua hakika, kata kipande kidogo mbali na ncha, kipime uzito, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 hadi uzito uache kupungua, kisha gawanya maji yaliyotoka kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 460 kilichoshuka hadi 400 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15, ambao unatosha kwa kazi za nje. Kwa samani za ndani, ziingize mbao chumbani zikiwa bado na vijiti vyake na uzizoeshe hewa ya humo kwa wiki kadhaa kabla ya kuziunga.