Unakaribia kustaafu kwenye data za usafiri? Toa kilichoko kichwani kwanza

Kama umekaa miaka mingi kwenye data za mipango ya usafiri na tarehe ya kustaafu unaiona kabisa, usisubiri mwezi wa mwisho. Anza mwaka mmoja kabla, ukibanwa sana basi miezi sita. Faili ziko kwenye seva na hakuna atakayezipoteza, shida ni maelezo ya faili hizo, maana mengi hayajawahi kuandikwa popote, yako kichwani mwako tu na siku ukiondoka yanaondoka na wewe.

Chukua ile mirija ya mpira inayotandazwa barabarani kuhesabu magari. Mrija wenyewe hauhesabu gari, unahesabu ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu ya kushoto na kulia, zinazopita juu yake. Ukigawa kwa mbili unapata magari vizuri tu kama ni magari madogo, ila lori la ekseli tano linahesabika kama magari mawili na nusu, ndo maana kuna namba ya kusahihisha. Sasa kwenye jedwali lako la miaka ya nyuma kuna kolamu imeandikwa "jumla" na pengine ni wewe peke yako unayejua hiyo jumla ni ekseli au magari, imeshasahihishwa au bado, na ni siku moja ya katikati ya wiki au wastani wa mwaka mzima. Anayekuja nyuma yako ataichukua kama ilivyo aiweke kwenye ripoti, na barabara ya watu itapanuliwa au itaachwa kwa sababu ya namba hiyo. Hilo ndo linaloniuma kuliko yote kwenye hii kazi.

Kwa hiyo fungua faili moja moja, zile zinazotumika sana zitangulie, na uandike kwa maneno ya kawaida: ilitoka wapi, nani alikusanya, kipimo ni nini, na wapi inadanganya. Hiyo ya mwisho usiiruke! Kama 99 kwenye dodoso inamaanisha "hakujibu", andika, la sivyo mtu atakuja kusema kuna kaya yenye baiskeli 99. Kama mipaka ya zoni, yaani yale maeneo tunayoyagawa ili kuhesabu safari, ilibadilishwa katikati, acha jedwali linaloonyesha zoni ya zamani imeingia wapi kwenye mpya, bila hilo miaka hailinganishiki kabisa. Na mwaka 2020 uwekee alama kubwa, safari zilishuka kwa sababu ya korona, asije mtu akachora mstari wa ukuaji akauanzia hapo.

Halafu fomati. Faili za zamani za Excel, zile za .xls, zinaishia mistari 65,536, kwa hiyo kama data yako imekatika hapohapo ujue kuna mistari haikuingia, tafuta chanzo mapema wakati bado unajua pa kutafuta. Ramani za shapefile nazo zinakata jina la kolamu likizidi herufi 10, unabaki na vifupisho ambavyo hata wewe mwenyewe vinakusumbua, viandikie majina kamili pembeni. Angalia pia kama faili ya .prj ipo, isipokuwepo mtu hajui ramani iko kwenye mfumo gani wa koodineti na barabara zinaweza kukaa mahali pengine kabisa. Majedwali muhimu weka kopi ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, inafunguka popote hata leseni ya softwea ikiisha.

Modeli, ile programu ya kukadiria safari, iendeshwe na mrithi wako mwenyewe, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona, kuanzia data ghafi mpaka matokeo. Wewe kaa pembeni na usiguse kibodi, kila anapokwama hapo ndo penye pengo la maelezo yako, andika palepale. Ni kazi ya kuchosha kweli, lakini nikiambiwa nichague jambo moja tu la kufanya kabla ya kuondoka ningechagua hili.

Paswedi na akaunti zilizofunguliwa kwa imeili yako hamishia kwa ofisi. Data za kaya usiondoke nazo nyumbani, hata kama umefuta majina. Kuna utafiti wa 2013 uliotumia data za simu za watu milioni 1.5, ukaonyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Watu wa kaya zetu walitujibu maswali kwa kutuamini, tuwatunzie.

Upande wa pensheni, hakiki kumbukumbu za utumishi wako mapema, hasa ile miaka ya mikataba ya mwanzo mwanzo.

Ukishaondoka na mikono bado inawasha, OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ipo tangu 2004 na inahitaji sana watu wanaojua tofauti ya njia ya basi na kituo cha basi. Na ofisini mkubaliane mapema, tuseme simu moja kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, baada ya hapo iwe kazi ya mkataba. Kila utakachoulizwa kwenye simu hizo, jibu liingie kwenye yale maelezo siku hiyohiyo, na kijana akirudi na swali lilelile mwambie afungue maelezo kwanza ndo apige.