Somo: Kukusanya maoni ya wageni wa tovuti bila kuwakera (mnaoniuliza kila wiki, majibu yako hapa)

Wakuu habari zenu. Naandika hii mara moja tu maana kila wiki kuna mtu ananifuata pembeni na swali lilelile, "nawekaje popapu ya maoni?", yaani kile kisanduku kinachochomoza juu ya ukurasa, nikimuuliza unataka kujua nini kwa wasomaji wako, kimya. Hapa ndo pa kumtuma kuanzia leo.

1. Amua kitu kimoja unachotaka kujua. Kama jibu halitabadilisha chochote kwenye tovuti, usiulize.

2. Uliza chini ya makala, swali moja. Aliyefika pale kashasoma, ana la kusema. Mimi natumia "Umepata ulichokuja kutafuta?" Ndiyo, Hapana. Akibonyeza Hapana ndo kinafunguka kisanduku kidogo: "Ulikuwa unatafuta nini?" Tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, nayo inauliza chini ya ukurasa kama umekufaa au la. Jina usidai, imeili iwe hiari na useme utaitumia kwa nini. Na swali lisibebe mambo mawili, ukiuliza "tovuti ni nzuri na inafunguka haraka?" mtu akasema hapana, sasa hiyo hapana ni ya kipi?

3. Kama ni lazima kitu kijitokeze, kikae pembeni chini, kisifunike maandishi, na kisubiri. Sekunde 5 mtu ndo kwanza yuko kwenye kichwa cha habari! Mimi nasubiri afike robo tatu ya ukurasa. Kwenye simu muwe makini zaidi, tangu Januari 2017 Google wanaweza kuushusha ukurasa kwenye matokeo kama mtu anatoka kwenye utafutaji anakuta kitu kimeziba alichofuata. Alama ya kufungia iwe kubwa, mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kufanya tovuti zitumike hata na wenye ulemavu, unataka angalau pikseli 24 kwa 24, mimi naweka 44 ili kidole gumba kisihangaike.

4. KUMBUKA MTU AKISHAKATAA. Hapa ndo niliharibu, someni taratibu. Niliweka alama ya "huyu kashakataa" kwenye sessionStorage, kumbukumbu ndogo ya brauza ambayo inaishi ndani ya kichupo kimoja na kikifungwa inakufa nayo. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu, kichupo kimoja, nikafunga kile kisanduku, hakikurudi, nikaona kazi imekwisha nikalala. Kumbe wasomaji wangu wanafungua makala tano sita kwa mpigo kila moja na kichupo chake, na kila kichupo kinawauliza upya. Msomaji wangu wa siku nyingi akaandika ndani ya kisanduku chenyewe: "Leo nimeshakataa mara sita. Ya saba naondoka." Iliniuma sana, yale ndo yalikuwa maoni ya maana kuliko yote niliyopata wiki ile na niliyapata kwa kumchosha mtu. Nikahamia localStorage, ambayo vichupo vyote vya tovuti vinaisoma na haifi kichupo kikifungwa, nikiandika na tarehe, aliyekataa asiulizwe siku 90, aliyejibu asiulizwe tena swali lile kabisa.

Angalieni na haya:
– Andika alama kisanduku KINAPOONEKANA, usisubiri afunge. Wengi hawafungi, wanapita tu, na huko nako ni kukataa.
– Safari, brauza ya Apple, inafuta vilivyowekwa na skripti ukiitumia siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo, kwa hiyo mwenye iPhone anaweza kuulizwa upya. Dawa yake ni kidakuzi (cookie) kinachowekwa na seva yako mwenyewe.
– Brauza ikizuia kusoma kumbukumbu, USIONESHE. Koda nyingi nilizotumiwa zimeandikwa kinyume, zikishindwa kuisoma zinafungua.

5. Soma majibu kila wiki. Ukirekebisha kitu, waambie palepale kwenye ukurasa.

MASWALI YA WADAU

Kijana_wa_Wavuti: Mkuu naomba koda ya popapu itokee mtu akifungua tu.

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana_wa_Wavuti: Nimeiona ila bosi anataka majibu mengi.

Jibu: Mwambie bosi mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Kadi zilikuwa nyingi ila waliotumiwa na waliojibu hawakufanana na wapiga kura wenyewe. Popapu yako itakuletea wenye hasira na waliobonyeza chochote ili ipotee.

Bi_Takwimu: Samahani mwalimu, hata hiyo ya chini ya makala si wanajibu wenye hisia kali tu? Wale wa katikati nitawajuaje?

Jibu: Umeuliza jambo la msingi dada, na ni kweli, wa katikati hawabonyezi kitu. Mimi nawafuata kwa njia mbili. Ya kwanza ni maneno wanayoandika kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya tovuti, pale mtu anakwambia anachokosa bila wewe kumuuliza, angalia hasa yale yanayoleta matokeo sifuri. Ya pili, tafuta watu watano, mpe kila mmoja kazi ya kufanya kwenye tovuti, kaa pembeni unyamaze uangalie anakwama wapi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kuwa watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwangu mtu wa tatu tu alishanionesha kitufe ambacho nilidhani kila mtu anakiona.

Bi_Takwimu: Hiyo ya matokeo sifuri sikuwahi kuifikiria, asante sana, naanza leo.

Fundi_Mchana: Vipi ile ya 0 mpaka 10, "utatupendekeza kwa rafiki?"

Jibu: Ile ya Fred Reichheld, mshauri wa biashara, ya 2003, alama yako ni asilimia ya waliotoa 9 na 10 ukitoa ya waliotoa 0 mpaka 6. Inamfaa mteja anayekujua. Msomaji aliyeingia leo mara ya kwanza kutafuta kitu kimoja hajui akupe ngapi, na hata akikupa 4 hujui urekebishe nini.

Mpitanjia: kwangu haifanyi kazi

Jibu: Nini hakifanyi kazi? Brauza gani? Unaona nini?

Zawadi_K: Kisanduku changu kinajaa viungo vya kamari kila usiku, niweke yale mafumbo ya picha?

Jibu: Usiweke, unamwadhibu msomaji kwa kosa la roboti. Ongeza uga wa ziada kwenye fomu, uupe jina la kuvutia kama "tovuti", uufiche kwa CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano. Binadamu hauoni, roboti nyingi zinaujaza, ukija umejazwa tupa. Weka kwenye uga huo na aria-hidden na tabindex -1 ili wanaotumia visoma-skrini, zile programu zinazowasomea wasioona, wasiangukie humo.

Fundi_Mchana: Ongeza na autocomplete iwe imezimwa. Kwangu brauza ilikuwa inajaza ule uga yenyewe, nikatupa majibu ya watu halisi mwezi mzima.

Jibu: Hilo sikulijua kabisa. Naenda kuangalia ya kwangu sasa hivi.