Fuata molekuli moja: kujisomea baiokemia mtandaoni

Wanafunzi ninaowafundisha jioni hapa Nairobi huja na simu zilizojaa video za biolojia, lakini ukiwauliza himoglobini, protini ya seli nyekundu za damu, hubebaje oksijeni, wananyamaza. Ushauri wangu ni huu: chagua molekuli moja, uifuate tovuti hadi tovuti. Tuchukue himoglobini, maana ugonjwa wa selimundu umegusa nyumba nyingi, hasa za Nyanza, Magharibi na Pwani.

Hatua ya 1. Pakua kitabu cha Biology 2e cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Ni bure, na ni halali. Faili ni kubwa, kwa hiyo ipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au maktaba, isije ikamaliza bando lako. Soma protini katika sura ya 3, basi.

Hatua ya 2. Fungua UniProt, hifadhi ya taarifa za protini, uandike namba P68871. Huo ni mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini ya binadamu. Shuka hadi kwenye orodha ya mabadiliko. Darasani uliambiwa kwamba katika selimundu, asidi amino (kiungo cha mnyororo wa protini) ya 6, glutamati, hugeuka kuwa valini. UniProt inasema ni ya 7! Wengi hapa hudhani wamefungua ukurasa usio wao. La. UniProt huanza kuhesabu na methionini ya mwanzo, ambayo seli huiondoa wakati protini inatengenezwa. Hesabu ya zamani huiacha nje. Andika hilo daftarini kwa mkono, kwa sababu utakutana na hesabu zote mbili katika makala za utafiti.

Hatua ya 3. Nenda Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971, utafute 2HBS, umbo la himoglobini ya selimundu. Simu ndogo huelemewa; tumia kompyuta ukiweza. Zungusha umbo polepole. Kuna himoglobini mbili zilizosogeleana, na valini ya moja imejipachika kwenye kishimo cha mwenzake. Glutamati hupenda maji, valini huyakwepa, ndiyo maana inatafuta pa kujificha. Himoglobini nyingi zikishikana hivyo, huwa nyuzi ndefu zinazopinda seli nyekundu. Kaa hapo hata nusu saa.

Hatua ya 4. PubMed Central ina makala kamili bila malipo. Anza na muhtasari na picha. Ukikwama, hapo sasa tazama video ya Khan Academy, ukiwa tayari na swali lako.

Molekuli ya pili ningechagua heksokinesi, kimeng'enya: ikipokea glukosi, hujifumba kama kiganja.