Somo: Kuchagua injini ya boti ya rimoti ya mashindano

Kila mgeni kwenye mchezo huu anaanza na swali lilelile: injini gani ina nguvu zaidi? Si ajabu, maana injini ndiyo inayosikika na ndiyo inayokula hela. Lakini ukiinunua kwanza, vingine vyote itabidi uvilazimishe viifuate: bodi, shafti, propela, tangi, hata mahali pa kuendeshea. Mimi nafuata utaratibu wa kinyume na ndio ninaoufundisha. Anza na maji yako, uje kwenye bodi, kisha mafuta au umeme unaoupata bila kuhangaika. Injini iwe ya mwisho. Hapa nazungumzia boti za kasi, zile zinazonyanyuka na kuteleza juu ya maji, za urefu wa kuanzia sentimita 60 hadi kama mita moja na robo.

Hatua ya 1: Jua utaendeshea wapi na kwa kanuni zipi

Boti ya sentimita 60 inakwenda vizuri Ziwa Victoria asubuhi maji yakiwa shwari. Mchana upepo ukishaamka, mawimbi yanaimeza. Baharini kuna jambo jingine: chumvi inakula beringi, inatafuna alumini na kuacha ukoko ndani ya njia za maji ya kupoza. Baharini panawezekana, mradi ukubali kazi ya kusuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka mafuta kila unapotoka. Ukiona hutaifanya kila mara, tafuta bwawa.

Fikiria pia majirani. Boti ya petroli inasikika mbali sana, na malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuwafungia wenzako wote eneo.

Kama nia yako ni kushindana, soma kanuni za daraja lako kabla hujanunua hata skrubu. NAVIGA, shirikisho la kimataifa la wachezaji wa modeli za meli, linagawa boti za FSR-V (boti za injini za mbio ndefu) kwa ujazo wa silinda: kuna 3.5 cc, 7.5, 15, 27 na 35. Ukinunua injini ya 28.5 cc kwa sababu ilikuwa na punguzo la bei, daraja la 27 limeshakutoa. Mbio hizo ni ndefu, hadi dakika 30 mfululizo, boti nyingi majini kwa wakati mmoja, hivyo injini kali kwa dakika mbili inayochemka ya tatu haina kazi hapo. Marekani kuna vyama vya boti za modeli vya NAMBA na IMPBA, na huko boti za umeme zinagawanywa kwa volti za betri.

Hatua ya 2: Bodi ndiyo inayosema injini iwe na uzito gani

Bodi ya V inavumilia mawimbi na inarudi kwenye mstari hata ikirushwa, ila inakula nguvu nyingi. Katamarani inanasa hewa katikati ya magogo yake mawili, hewa inaibeba, kwa hiyo kwa injini ileile inapata mwendo zaidi. Upepo wa mbele ukiingia vibaya, inanyanyua omo na kupinduka. Haidroplani inagusa maji sehemu tatu tu na inataka maji kama kioo. Kwa anayeanza, bodi ya V kwa maji ya wazi, katamarani kwa bwawa lililojificha.

Sasa uzito. Sehemu ya mizania inatakiwa ikae karibu asilimia 30 ya urefu wa bodi, ukipima kutoka tezini. Kwa bodi ya sentimita 100, weka vidole viwili chini ya boti, sentimita 30 kutoka nyuma, boti ikiwa na kila kitu ndani. Ikilala kuelekea omo, itachimba maji. Ikilala sana kuelekea tezi, itarukaruka na kujigeuza. Injini ya petroli ya 26 cc ina karibu kilo mbili, na uzito huo huwezi kuusogeza mbali kwa sababu shafti na mahali pa kufungia tayari vimepangwa. Betri unazisogeza utakavyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuwaelekeza wengi kwenye umeme kwanza.

Hatua ya 3: Umeme, nitro au petroli

Nitro niimalize mapema. Ni injini tamu, ndogo, zinazopita mizunguko 20,000 kwa dakika, na Waitaliano kama Picco na CMB wamezitengeneza kwa ustadi mkubwa, sawa na OS ya Japani. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani na oili. Hapo ndipo penye tatizo kwetu Afrika Mashariki. Nitromethani haisafirishwi kirahisi, huwezi kuibeba kwenye ndege, na duka la mtaani halina. Methanoli inafyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Ikiwaka mchana moto wake hauonekani vizuri, na ukiinywa inapofusha na inaua, kwa hiyo haipaswi kukaa nyumba yenye watoto bila kufungiwa. Aliyeko Ulaya karibu na muuzaji wa mafuta hayo, achague nitro kwa raha. Aliyeko Mwanza au Mombasa, simshauri.

Zinabaki mbili. Umeme ni kimya, hauna kabureta, unawasha na kuondoka. Dakika tano au sita umemaliza betri. Petroli unaijaza kutoka kituo chochote cha mafuta na boti inakimbia mpaka wewe uchoke, ila inataka bodi kubwa, mkono wa fundi na mahali pasipo na watu.

Hatua ya 4: Ukichagua umeme, piga hesabu kwanza

Usinunue mota kwa kuangalia picha. Chukua mota isiyo na brashi iliyoandikwa 4074, 2000KV. Namba ya kwanza inakwambia kipenyo ni milimita 40 na urefu 74. KV ni mizunguko kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli nne ni volti 14.8, hivyo 2000 mara 14.8 ni mizunguko 29,600 kwa dakika. Kwa boti za saizi hii, lenga kati ya 25,000 na 35,000. Ukivuka hapo unaunguza vitu bila faida.

Endelea na propela. Octura X442 ina kipenyo cha milimita 42 na kiwango cha mwinamo 1.4, maana yake kila mzunguko ingesogea milimita 42 mara 1.4, yaani 58.8, kama maji yasingeteleza. Zidisha kwa 29,600, kisha kwa dakika 60, unapata kama kilomita 104 kwa saa. Usishangilie bado. Mota ikibeba mzigo inashuka hadi karibu asilimia 80 ya mizunguko yake, na propela nayo inateleza zaidi ya asilimia 10. Kinachobaki ni kilomita 70 na kidogo, na kwa boti ya kilo tatu hiyo ni kasi ya kuvunja mguu wa mtu.

Hesabu hii inakuonyesha jambo ambalo watu hawaliamini mpaka waunguze kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota: propela kubwa haiongezi kasi bure. Kipenyo kikiongezeka kidogo, ampea zinapanda kwa kasi sana. Anza na propela ndogo kuliko unayoitamani. Endesha dakika moja, rudisha boti, fungua, gusa mota, kontrola na betri kimoja kimoja. Ukishindwa kuacha kidole kwa sekunde tano, punguza propela. Sumaku za mota zikichemka sana zinapoteza nguvu na hazirudi, na betri ya lipo isifike nyuzi 60.

Kontrola ya mwendo nunua yenye akiba. Kama boti inakula ampea 100 ikiwa kasi, chukua ya 150 au zaidi, inayopozwa kwa maji. Na namba za C, zinazoonyesha betri inaweza kutoa umeme kwa kasi gani, kwenye betri za bei nafuu zisikubabaishe, zimeandikwa kwa ukarimu mno.

Hatua ya 5: Ukichagua petroli

Jina linalotawala hapa ni Zenoah ya Japani. Kuna G260 ya 25.4 cc, G290 ya 28.5 na G320 ya 31.8. Zote tatu pistoni inatembea milimita 28. Kinachobadilika ni upana wa silinda, 34, 36 na 38. Asili yake ni injini za mashine za kukatia majani, zikavishwa koti la maji kwenye silinda. Kwa boti ya kwanza ya petroli, G260 inatosha kabisa. G320 ina nguvu ya kuzungusha propela kubwa zaidi, lakini inataka bodi iliyoimarishwa sehemu ya kufungia injini, la sivyo mtetemo utaichana fibaglasi.

Mchanganyiko ni 25 kwa 1: mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, mililita 200 kwa galoni ya lita tano. Pima kwa sirinji au chupa yenye alama. Kabureta ina skrubu mbili za mafuta, moja ya mwendo wa chini na nyingine ya mwendo wa juu; anzia upande wa mafuta mengi, na moshi mwembamba uwe unaonekana boti ikiwa kasi. Ikikosa moshi na sauti ikawa kali kupita kawaida, rudisha boti upesi, maana pistoni inakaribia kukwaruza.

Boti nyingi za petroli hazina klachi. Injini ikiwaka tu, propela inazunguka. Boti iwe imefungwa kwenye stendi, mwenzio ameishika, na mkono wako uwe mbali na tezi kabla hujavuta kamba.

Hatua ya 6: Maji ya kupoza

Iwe umeme au petroli, tundu la kutolea maji liweke ubavuni unakoweza kuliona kutoka ufukweni. Ule mchirizi ndio taarifa yako. Ukikatika, simamisha.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nina injini ya mashine ya kukatia majani ya Kichina, 52 cc, haina kazi. Naweza kuitia kwenye bodi ya sentimita 110? Niko Kigamboni.

Mkuu, usiitie. Hiyo inapozwa na feni, na ndani ya bodi iliyofunikwa feni itakuwa inazungusha hewa yake yenyewe ya moto. Ni nzito kwa bodi hiyo, na imetengenezwa kuzungusha waya wa kukatia kwa mwendo wa chini kuliko tunaoutaka. Daraja la juu la FSR-V ni 35 cc, kwa hiyo hata mashindanoni haiingii. Ila usiitupe. Itumie kujifunza kabureta, plagi na kupiga tyuni. Ukiimudu hiyo, Zenoah haitakusumbua.

Niko Kisumu, huku magugu maji ni mengi. Bado unanishauri umeme?

Kwa Kisumu swali lako ni la msingi. Mzizi ukijisokota kwenye propela, injini ya petroli inazimika tu. Mota ya umeme haizimiki, inaendelea kuvuta ampea mpaka kontrola iungue. Kwa hiyo ukienda na umeme, tia kontrola yenye akiba kubwa, achia trigeri mara tu boti inapopunguza mwendo bila amri yako, na uwe na mtumbwi au kayaki ya kuifuata. Tundu la kuchotea maji litie chujio cha waya, na lisafishe kila unapoitoa. Ukiwa na nafasi ya bodi kubwa, kwa maji ya hapo mimi ningechukua petroli.

Shikamoo mwalimu. Niko Muscat, nakuja Mombasa mwezi ujao na nataka kumletea mpwa wangu boti ya umeme ya seli sita. Betri itaruhusiwa kwenye ndege?

Marahaba dada. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Tuchukue betri ya ampea-saa 5: seli sita ni volti 22.2, mara 5 ni 111, na juu ya 100 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Nunua betri mbili za seli tatu badala yake: kila moja ni volti 11.1 mara 5, yaani 55.5, na ukifika unaziunganisha kwa mfuatano unapata zilezile seli sita. Zibebe mkononi, si kwenye begi la chini, na kila ncha uifunike kwa utepe. Hakikisha na shirika lako idadi wanayoruhusu. Kama mpwa bado mdogo, anza na propela ndogo, na mtu mzima awepo kila anapochaji.

Oili ya pikipiki ya kawaida inafaa kuchanganyia?

Hapana. Tafuta oili iliyoandikwa ni ya injini za kuchanganya na petroli. Ile ya pikipiki haikutengenezwa kuungua pamoja na mafuta. Itaacha masizi kwenye plagi na ekzosi.

Rimoti ikikata mawasiliano, injini ya petroli itazimika yenyewe?

Haizimiki usipoipanga. Weka mpangilio wa usalama kwenye risiva ili mawasiliano yakikatika sevo (mota ndogo inayosogeza kabureta) ifunge kabureta, halafu ongeza swichi ya kielektroniki inayokata moto wa plagi. Jaribu kila siku ya kuendesha: boti kwenye stendi, injini inaunguruma kwa sekunde chache, zima rimoti. Injini isipozimika hapohapo, boti haiingii majini siku hiyo.