Ukitaka kuuza Kigoma, angalia mwezi kwanza

Watu wengi wanaofungua biashara huku kwetu wanakuja na hesabu ya mshahara, yaani tarehe 28 wanajaza mzigo alafu wanakaa wanasubiri hela itoke. Na mimi nilifanya hivyohivyo nilipofungua duka njia ya kwenda mwalo wa Kibirizi, nikajaza mchele na vitenge, tarehe 30 ikafika, tarehe 5 ikapita, mtu haji. Usiku natoka nje mbalamwezi inawaka kama mchana, mitumbwi yote imepaki.

Sasa hapo ndo pa kuelewa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, taa ndo inawavuta waje juu, mbalamwezi ikiwaka taa inakosa nguvu na wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Mvuvi akikosa, mama anayeanika dagaa amekosa, bodaboda amekosa, mama ntilie amekosa, na wewe mwenye duka ndo wa mwisho kwenye huo mnyororo.

Kwahiyo chukua kalenda, weka alama siku ya mwezi mpevu, zile siku kadhaa kabla na baada yake ndo ukame. Usikariri tarehe, mwezi wa angani unazunguka siku 29 na nusu hivi kwahiyo kila mara unasogea. Ukiwa unafuata kalenda ya Kiislamu, kama majirani zangu wengi wa Ujiji, kazi ni rahisi, mwezi mpevu unaangukia kwenye 14 hivi. Na ona hii, Idi ya kumaliza mfungo siku zote inaingia mwezi ukiwa mchanga, ni giza, ziwani watu wanavua, hapo jaza vitenge na nguo za watoto bila uoga. Idi ya kuchinja ni tarehe 10, mwezi umeshakua, nenda polepole.

Wakati wa ukame usifunge duka wala usipandishe bei, pima vidogo. Sukari robo, mafuta ya kula ya kupima, sabuni ikate vipande. Mteja hajakuhama, hela yake tu ndo imepungua.

Mkopo nao uende na giza. Niliwahi kumbana mvuvi mmoja anilipe mwisho wa mwezi, mtu mzima, mbele ya wanae, akalipa kwa kukopa sehemu nyingine na hakurudi tena, na mpaka leo inaniuma. Siku hizi namwambia baba, giza likiingia utaniona, na wengi wanakuja wenyewe. Walimu na manesi ndo waandikie tarehe 30.

Alafu salamu, jamani salamu. Mama wa Kiha akishuka na mawese yake kutoka vijijini mwambie mwakeye kwanza, muulize nyumbani, ndo muongee bei, ukianza na "unataka nini" anapita anaenda duka la pili. Mkongomani aliyevuka ziwa akikuuliza habari za makuta anaongelea hela, usimcheke Kiswahili chake, ni Kiswahili cha kwao na kina heshima yake, mkunjulie kitenge chote akione mpaka mwisho hata kama hanunui leo, maana akirudi ng'ambo ataelezea wenzie duka gani lilimpokea.

Na fuatilia matangazo ya ziwa. Mwaka 2024 serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, aliyejaza mzigo wa giza mwezi wa tano aliumia.

Kitu cha kuanza nacho leo jioni ni daftari. Kila anayeulizia kitu ukakosa kuwa nacho andika, na pembeni andika giza au mbalamwezi. Fanya hivyo miezi miwili tu, alafu ndo uende kuchukua mzigo.